Bunduki Zilizorudi kutoka Nbau

Marehemu Lahpai La Tawng alizaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Hkaya, kaskazini mwa Burma, mtoto wa tatu wa mzee Lahpai Naw. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la saba, akarudi na Kiingereza, viatu na majivuno. Mama yake alikuwa akicheka kwamba hata kuku anawapa amri.

Mwaka 1940 alimwoa Roi Ja, wa ukoo wa Maran, kijiji cha Nbau. Kwetu Wakachin, waliokupa mke ni wakubwa wako maisha yote. Ukiwapelekea kitu unainama, unakiweka karibu na moto wao pamoja na pombe ya mchele, unawaomba wakipokee.

Vita vilipofika, alikuwa mkalimani na mjumbe wa maofisa wa Kiingereza. Machi 1943 walimkabidhi bunduki azipeleke Nbau, maana Wajapani walikuwa adui wa wote. Hapa familia inasema kwa haya. Aliingia kwa mkwewe na viatu vyake, akasimama wima, akasema, "Mzee, tumekuja kuwasaidia. Silaha ni zetu, kwa hiyo kuanzia leo mtafuata amri yangu."

Mzee Maran Gam alimwuliza kwa upole, "Nani anamsaidia nani, mkwe wangu?"

Marehemu alibaki amesimama. Mzee akasema basi, hana haja nazo. Bunduki zikapakiwa tena juu ya nyumbu, na njiani marehemu aliwaambia wenzake kwamba washamba wale watamwita wenyewe. Wiki haikuisha, Wajapani wakaiteketeza Nbau. Mkwewe alikufa akipigana kwa panga, pamoja na vijana wengi wa kijiji.

Baada ya vita alifundisha shule ya Hkaya hadi alipostaafu mwaka 1978. Serikali ilipotaka kumpa nishani ya vita, alijificha shambani.

Ugonjwa wa mapafu ulimlaza Novemba 1993. Siku moja alimwuliza mkewe kama kweli mzee asingezipokea zile bunduki. Roi Ja hakuwahi kulizungumza jambo hilo tangu vita.

"Mama aliniambia," alimjibu, "baba alikuwa ameshatandika mkeka wa kuziwekea. Alikuwa anakungoja uiname tu, baba watoto."

La Tawng alifariki tarehe 9 Januari 1994, akiwa ameelekea ukutani. Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa. Aliagiza haya yasomwe mbele ya wakwe zetu wa Nbau, nasi tumeyasoma kwa aibu. Mungu amjalie pumziko.