Septemba Tatu za Orest Hnatiuk

Ninyi wa ukumbi wa maigizo mliojipanga safu ya pili hapa mazishini na makoti yenu meusi, mbona hamkumpigia simu?

Baba yangu, Orest Hnatiuk, alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 shambani karibu na Canora, Saskatchewan, mtoto wa nne wa Petro na Stefania, akasoma hapa hapa, kisha mwaka 1969 akapelekwa chuo kikuu Saskatoon kusomea kilimo, akarudi na shahada ya maigizo, na babu hakumsemesha mpaka alipohitaji dereva wakati wa mavuno.

Tangu mwaka 1975 aliigiza kwenu na katika kumbi za shule kutoka Regina hadi Winnipeg, akawa hakimu, padri, mzimu, na msimu mmoja miguu ya nyuma ya ng'ombe wa kitambaa, na tafadhali asitokee mtu leo kusema alikuwa nyota, maana mwenyewe angemcheka; alikuwa mtu wa kazi, aliyengoja simu yenu kila Septemba ajue kama ana mchezo wa majira ya baridi.

Tarehe 16 Juni 1979 alimwoa Lorna Dyck, mwalimu wa shule ya msingi, wakanipata mimi, Halya, peke yangu.

Septemba 2015 simu haikuja, wala 2016, wala 2017. Kila asubuhi alinyoa ndevu, akavaa shati safi, akakaa karibu na simu ya jikoni, na nikija kuwatembelea nikaigusa ananiambia, "Wee Halya, weka chini hiyo, wakipiga wakakuta inatumika watadhani nimepata kazi Toronto," anacheka, nami naiweka chini.

Mwaka 2018 madaktari waliupa jina ugonjwa wake wa kusahau, na tarehe 27 Januari 2023, hospitalini Yorkton, akatuacha, akiwa hajui tena kwamba aliwahi kuigiza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu Bohdan aliyetuondolea theluji mlangoni bila kuombwa, kina mama wa parokia kwa perogi za viazi mtakazokula sasa hivi, na wenzake wa kazi kwa kuja, ingawa mmechelewa. Pumzika sasa, Baba, huna tena simu ya kungoja. Mama, keti, namalizia.

Mama hakuketi.

"Waache, Halya. Walipiga, miaka yote mitatu. Mimi niliwapa namba ya shuleni kwangu, nikasema ya nyumbani imekatwa. Ile Desemba ya 2014 wewe ulikuwa Edmonton, hukumwona. Alisahau maneno, akaganda pale jukwaani, watu wakacheka wakidhani ndio mchezo wenyewe, naye akawa ananitafuta kwa macho. Basi wakipiga nawaambia hataki tena. Jioni nikirudi ananiuliza kama labda simu ililia alipokuwa bustanini. Namwambia haikulia."