Ngoma ya Masista na Ile Kengele

Wenzangu, leo sikuomba kwenda chooni. Chekeni tu. Mnanijua: zamu yangu ya kusema ikikaribia nasingizia tumbo, na mwenyekiti wa chama chetu, pamoja na kijiko chake cha kutugongea glasi tukizidisha maneno, akigeuka anakuta kiti kitupu. Leo nitawaambia tumbo hilo lilianzia wapi.

Kwetu Kenya nilisoma shule ya bweni ya masista kutoka Ireland. Walitufundisha ngoma ya kwao: miguu inaruka na kugonga sakafu, mikono imenyooka ubavuni kama ya askari wa gwaride. Nilikuwa hodari. Nilikwenda mashindanoni kila mwaka, nikarudi na vikombe. Mara ya mwisho, ukumbi umejaa wazazi na mama yangu yuko safu ya mbele, niliteleza nikaanguka. Nikainuka niendelee. Jaji akapiga kengele. Ndugu zangu, nawaambia, kengele ile ndogo maana yake ni moja: shuka, tumekuona vya kutosha. Nilishuka goti linavuja damu, na sikucheza tena.

Wala sikuacha ngoma tu. Harusini kwa dada yangu nilipoitwa niseme neno, nilijifungia jikoni. Nikaja huku Guangzhou mwaka ule Hong Kong iliporudishwa kwa Wachina, na hofu yangu nikaja nayo. Laoban, mwenye duka wa Kichina, akipandisha sauti tu, nanunua mzigo nisioutaka.

Sasa, nyinyi mnaonunua viatu kule soko la Liuhua mnajua, kisigino hakipimwi kwa macho. Unavaa, unagonga sakafu, unasikiliza. Siku moja nilikuwa nagonga hivyo, mawazo yako mbali, Mzungu mmoja mwanamke akasimama mlangoni.

"Nani alikufundisha hiyo?"

"Hiyo nini?"

"Hiyo unayocheza."

Nikatazama miguu yangu. Haki ya Mungu, nilikuwa nacheza.

Alikuwa mwalimu wa Kiingereza hapa mjini, mtu wa Ireland. Sikukuu ya kwao ilikuwa inakaribia, naye alitaka kucheza ngoma ya watu wawili, hana mwenzake. Nikamjibu kama malaoban wanavyotujibu sisi: "Meiyou." Hakuna. Akasema, "Basi nitasimama peke yangu." Hilo likanichoma, nikakubali.

Tukafanya mazoezi. Goti likavimba. Mama mmoja wa Lubumbashi, jirani yangu hotelini, akanikanda kwa barafu na matusi: "Ma chère, na umri huu unarukaruka kama mbuzi?"

Siku yenyewe niliwasihi msije, mkaja wote. Kaseti ikawekwa, tukaanza. Mmoja wenu, usijifiche nyuma ya mtandio, akapiga kelele: "Inua mikono, dada! Umefungwa kamba?" Nusura nicheke. Mara, katikati ya ngoma, mgeni mmoja aliyetaka kutoa hotuba akagonga glasi kwa kijiko. Ting!

Miguu ikasimama. Nilihisi baridi mpaka kwenye meno.

Mwenzangu hakusimama, wala hakugeuza macho kunitazama. Katika ngoma ile wawili hubadilishana nafasi: yeye anakuja kwako kwa kasi, wewe unakwenda kwake, mnapishana bega kwa bega. Nikamwona anakuja. Mlango ulikuwa kushoto, nilishaupima tangu tunaingia. Nikitoka, anabaki peke yake mbele ya watu. Nikibaki nimeganda, tunagongana na ataanguka yeye, kama nilivyoanguka mimi. Hapo nikapandwa na hasira. Niliikasirikia ile glasi, jamani! Nikabana mikono ubavuni, nikaruka.

Goti lilipiga kelele. Hatua nilizikosea, nyingine sijui hata nilizitoa wapi. Lakini tulipishana, na tulimaliza.

Mwalimu yule amesharudi kwao. Namshukuru kwa kutogeuza macho kunitazama, kana kwamba alijua nitakuja. Nakushukuru mama wa barafu, na matusi yako. Nawashukuru nyinyi mliokuja nilipowakataza. Nililojifunza ni hili: jaji alinipigia kengele siku moja. Miaka yote iliyobaki nimejipigia mwenyewe.

Mwenyekiti, nimekuona muda mrefu umeshika kijiko. Najua, nimezidisha. Haya, gonga.

Mmesikia? Na bado nimesimama. Sasa ndiyo nakaa.