Chuma Nilichokikata Kwenye Trekta

Assalaam alaykum, ndugu zangu wafugaji, na kina mama mliokaa kule nyuma. Mmenizoea nikisimama mbele yenu bila karatasi. Leo nimeandika, kwa mkono wangu, herufi kubwa kubwa kama mtoto wa darasa la nne, maana hapo ndipo nilipoishia. Nimeandika kwa sababu najijua. Nikiachiwa mdomo mtupu nitaanza kujisifu na nitafika mwisho sijasema nililoitwa kusema.

Kidogo niacheni nijisifu, lakini. Mimi nilianza kwa kukwea minazi ya watu. Sikuwa na mnazi, sikuwa na mbuzi, viatu nilivaa Idi kwa Idi. Leo hapa Mafia, kwetu Miburani, ukiuliza maziwa yanayonywewa Kilindoni asubuhi yanatoka kwa nani, hata kipofu atakuonyesha kwangu. Ng'ombe kumi na wanne walilala bandani kwangu, na banda nilijenga mwenyewe. Sikurithi kwa mtu. Hilo nalisema na nitalisema mpaka nife.

Basi nilikuwa na mdogo wangu, tumbo moja. Sitamtaja jina, mnamjua, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa mtu wa kununua na kuuza, yeye alikuwa mtu wa ng'ombe wenyewe. Akiingia bandani wanageuza shingo. Majani tulikuwa tunakata mbali, maji tunayachota mbali zaidi, tunasukuma mkokoteni kwenye mchanga ule mnaoujua mpaka kifua kinawaka. Nikasema yatosha. Nikaenda bara nikanunua trekta lililokwisha tumika. Lilipovushwa kutoka Nyamisati, watu walijaa gatini kulitazama, na mimi nilikaa juu yake kama bwana harusi.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Trekta lile lilikuwa na upinde wa chuma nyuma ya kiti, umesimama juu kuliko kichwa cha dereva. Na banda langu, kama mabanda yenu, paa lake la makuti liko chini kwa ajili ya upepo. Siku ya kwanza kuingia, upinde ukanasa kwenye makuti, ukang'oa upande mzima. Watu wakacheka. Mimi kuchekwa sikuzoea.

Mdogo wangu akasema, "Kaka, tunyanyue paa. Nguzo sita tu. Kesho nakata miti, keshokutwa tumemaliza."

Nikamwambia, "Mimi nipandishe nyumba kwa ajili ya chuma? Chuma ndicho kitakachoshuka."

Nikamwita fundi wa kuchomelea, kijana mgeni aliyekuwa anapita kisiwani. Akakizunguka kile chuma, akakuna kichwa. Akaniambia, "Mzee, hiki kimewekwa kwa kazi. Trekta likipinduka, hiki ndicho kinachomwachia dereva nafasi asilaliwe."

Nikamjibu, "Umeona mlima gani Mafia wa kupindukia trekta? Kata."

Mdogo wangu alikuwa anakuja na ndoo ya maziwa, cheche zimesharuka. Akasema, "Loo, kaka, fahali jipya unalikata pembe?" Tukacheka sote watatu. Maneno ya fundi hakuyasikia. Ndugu zangu, nawaambia, niliyasikia mimi peke yangu.

Tulifanya kazi na trekta lile mvua mbili zikapita, na ng'ombe wakanenepa. Mimi nikawa kila nikikaa barazani nalitaja. Yeye hakulitaja, alilifanyia kazi tu. Asubuhi moja alikwenda kuchukua majani upande wa mikoko, kule ambako wazee wetu walikuwa wanachimba mashimo ya kufukia makumbi ya nazi yaoze watengeneze kamba. Mashimo yale hayatumiki tena, nyasi zimeyafunika, ukiyatazama unaona uwanja. Mimi nilikuwa nakamua. Nikasikia mashine inabadilika sauti, ikapanda, kisha ikanyamaza. Nikaendelea kukamua. Nisameheni, hili huwa linanirudia sana. Nilimaliza yule ng'ombe kwanza ndipo nikainuka.

Gurudumu moja la nyuma lilikuwa ndani ya shimo, na trekta limelala limemlalia. Tuliliinua watu tisa. Alikuwa anasema. Aliniuliza kama ndama wamenyweshwa. Nikamwambia wamenyweshwa, na haikuwa kweli, nilikuwa sijawafikia. Hakufika hospitali.

Mlikuja wote kwenye msiba. Mlinishika mkono mkaniambia kadari ya Mwenyezi Mungu, nami nikaitikia, kadari. Na ni kadari, sikatai, ajali zetu zote ziko kwake. Lakini nilikuwa nalichukua neno hilo najifunika nalo kama shuka. Fundi alikuwa ameshaondoka kisiwani. Shemeji yangu, mjane, aliona kweli kwamba chuma kilikatwa, ila alidhani kilikuwa cha kufungia mizigo. Watu wote walidhani hivyo. Nikawaacha wadhani.

Hapo ndipo nilipoanguka. Trekta nililiuza kama chuma chakavu, sikutaka hata kulitazama. Nikaacha kwenda bandani. Mimi, mtu wa kuamka kabla ya adhana, nikawa nalala mpaka jua linaingia dirishani. Ng'ombe wakakonda mbavu zikahesabika. Wanne wakafa, na mwingine nikamchinja kabla hajafa. Aliyekuwa anawabebea maji wale waliobaki ni shemeji yangu, kwa kichwa, na ndani ya kundi lile mlikuwa na wa marehemu watano, ambao ndio urithi wa binti zake wawili. Mimi nilikuwa namwona akipita na ndoo, naufunga mlango.

Siku moja hakupita. Aliingia uani, akaitua ndoo mbele yangu.

"Shemeji," akasema, "ng'ombe hawajui kama kuna msiba. Wao wana kiu. Tutafute trekta jingine, dogo, jipya, lenye kutosha sisi."

Nikasema trekta ni mkosi. Nikasema mkokoteni unatosha. Nikasema na mengine. Ukweli niliogopa jambo moja tu: kwamba kwenye kuchagua trekta, mtu atakuja kueleza kile chuma ni cha nini, na yeye amesimama pale.

Mke wangu ndiye aliyenivua shuka ile. Aliniambia, "Baba, mwenzio anabeba maji, wewe unabeba nini?" Nikauza fahali langu la mwisho, ninyi wa kikundi mkachanga mlichochanga, tukasafiri watatu, mimi, yeye na shemeji, hadi Dar es Salaam.

Shemeji alikuja na kamba. Alikuwa ameipima nyumbani akaifunga mafundo: fundo hili upana wa njia kati ya mistari ya minazi, fundo hili mlango wa banda, fundo hili kimo cha paa. Kule kwa wauzaji, mimi nikaenda moja kwa moja kwenye trekta kubwa jekundu, taa nne, kiti kama cha gavana. Nikalipiga tairi teke. Nikasema hili ndilo la mtu. Yeye akanyoosha kamba yake mbele ya magurudumu.

"Hili litapita wapi, shemeji? Juu ya minazi?"

Vijana wa pale walicheka kamba ile, lakini baada ya muda nikawaona wanamshikia ncha ya pili. Alipima matrekta yote uani. Akauliza lipi linavuta tela la majani na tangi la maji pamoja. Akauliza lipi linasukuma magurudumu yote manne, maana kwetu ni mchanga. Akauliza vipuri vinapatikana wapi, na fundi wa kawaida anaweza kulifungua au mpaka aje mtu na kompyuta. Mimi niliyejiita mfanyabiashara sikuuliza hata moja la maana. Akafika kwenye dogo moja, jembamba, halina sura ya kujivunia. Kamba ikakubali upana. Ikakataa kimo.

Akasema, "Litapita minazi, bandani halitaingia. Hiki chuma cha nyuma kinazidi fundo."

Muuzaji akacheka. "Hicho kinakunjwa, mama. Ukiingia pa chini unakilaza, ukitoka unakisimamisha. Usije ukakitoa tu. Likipinduka na umefunga mkanda, hiki ndicho kinachokuacha hai."

Shemeji akaikunja kamba yake. Kisha akanigeukia, wala hakupandisha sauti.

"Letu lilikuwa na hiki."

"Lilikuwa nacho."

"Ulikikata."

"Nilikikata."

"Ulikuwa unajua kazi yake?"

Ndugu zangu, pale palikuwa na mlango wa kutokea, mpana kabisa. Mimi ni mtu wa darasa la nne. Nani angenikatalia nikisema sikujua? Hata yeye nadhani alikuwa ananisubiri niseme hivyo, apate kupumua. Mke wangu alikuwa ananitazama. Nilifungua mdomo kusema sikujua, na yaliyotoka yakawa mengine.

"Nilijua. Fundi aliniambia kabla hajakata. Mumeo hakusikia."

Akakaa juu ya tairi lililokuwa pale chini. Muuzaji akawa anajifanya anafuta vumbi. Kisha shemeji akainuka, akajifunga kanga vizuri, akamwambia yule muuzaji, "Endelea, baba. Mkanda unafungwaje?"

Tulilinunua lile. Njia nzima ya kurudi hakusema nami, wala mwezi ule, wala uliofuata. Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa msikitini nikamweleza kila kitu. Akaniambia nifunge miezi miwili mfululizo, kafara ya aliyeua bila kukusudia, na nikaombe radhi kwa wenye damu yao. Nikafunga. Katika miezi ile nilinyanyua paa la banda kwa mikono yangu, na ng'ombe wangu watatu nikawatia alama ya binti zake. Siwahesabu tena kuwa wangu.

Siku niliyomaliza saumu alimtuma binti yake mkubwa kuniita. Aliniambia, "Shemeji, ya leo nimekusamehe. Ya kesho sijui, nitaiangalia kesho. Ila nenda ukawaambie watu, maana kwenye kikundi wapo wanaotaka kununua trekta." Kwa hiyo msidhani nimejitolea kusimama hapa. Nimetumwa.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniacha hai mpaka nikasema. Nawashukuru ninyi mliochanga bila kuuliza. Mke wangu, mwalimu wangu, na fundi yule popote alipo, aliyesema kweli kwa mtu asiyetaka kuisikia. Na mama aliyekaa kule nyuma, ambaye sitamtaja.

Mimi bado ni yule yule, najua kutafuta mali kuliko wengi wenu humu. Lakini nawaambia: mkienda kuchagua trekta, msichague la kukaa juu yake mkaonekana. Pimeni njia zenu, pimeni mabanda yenu, ulizeni kila kipande kazi yake. Na ukiambiwa kazi yake, usikitoe. Kama chuma na paa haviendani, guseni paa.

Trekta lipo, linafanya kazi, ng'ombe sasa wamefika kumi na mmoja. Ufunguo haukai kwangu. Anao yeye. Kila asubuhi nakwenda mlangoni kwake, napiga hodi, nauomba. Siku nyingine anautoa mara moja. Siku nyingine anasikia sauti yangu na hatoki kwa muda, nami nakaa kwenye kizingiti, nasubiri mpaka atakapoweza.