Jeneza la Mchu

Ndugu, jamaa na marafiki, mnivumilie. Mimi ni mdogo wake marehemu, seremala, na mikono hii imezoea randa kuliko karatasi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba, ambaye naye alikuwa seremala. Tulizaliwa wawili tu, yeye wa kwanza.

Alianza shule mwaka 1965. Akiwa darasa la nne alikata kwa msumeno mguu wa stuli mpya, eti aone mti umekaaje kwa ndani. Mteja akaja, akakuta stuli ya miguu mitatu. Baba akasema, "Jamani, mtoto huyu atatulaza njaa!" Lakini hakumchapa, na kile kipande alimwachia. Mwaka 1981 alihitimu chuo kikuu.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na taasisi ya utafiti wa misitu, akakaa na hadubini yake hadi alipostaafu mwaka 2018. Kazi yake ilikuwa mchu, ule mkoko unaoota kwenye tope la chumvi. Miti mingi, alituambia hata tukiwa mezani tunakula, hunenepa kwa utando mmoja ulio chini ya gome. Mchu haukubali. Huanzisha utando mwingine, na mwingine tena, na kila mmoja huacha tabaka la mbao na ukanda laini kama gome, humo humo ndani ya shina. Njia moja ya maji ikiharibika, zipo nyingine. Wanafunzi wakamwita Bi Kitunguu, naye akaitika.

Mwaka 1985 aliolewa na mwalimu wa hesabu. Siku ya kwanza kuonana, mwalimu alihesabu pete za kipande cha mchu mezani kwake, akatangaza umri wa mti. "Umekosea, mwalimu," dada akamwambia, "pete hizi si miaka." Shemeji anasema alirudi kesho yake ili asahihishwe tena. Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 2021 figo zilianza kumgomea. Daktari akamkataza chumvi. Dada akacheka: "Maisha yangu yote na miti ya chumvi, leo mimi ndiye nikatazwe?" Nasi tukacheka, tungefanya nini? Nilikwenda kupimwa nimpe figo yangu, nikaambiwa haifai. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Januari mwaka huu wa 2024 aliniita kitandani kwake. "Mdogo wangu, nitengenezee jeneza la mchu. Si una magogo yangu karakanani?" Nikamwapia. Nikapasua, nikaranda, nikapaka gundi, nikabana kwa jiliwa. Mbao ikikauka tu inabanduka tabaka kwa tabaka, palepale penye ule ukanda laini. Ala! Mti mkaidi huu, niliutukana, Mungu anisamehe. Kila nilipokwenda kumwona aliniuliza, "Umefikia wapi?" Nikijibu bado, ananirudisha kazini.

Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Aprili, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Mimi nilikuwa karakanani, gundi vidoleni.

Jeneza mnaloliona hapa ni la msonobari. Jana nilimwomba shemeji radhi kwamba nimeshindwa ahadi. Akanishika bega. "Shemeji, alijua haliwezekani. Nani anayeujua mchu kuliko yeye? Alisema, 'Mdogo wangu hawezi kukaa na jambo asiloweza kulitengeneza. Akishinda hapa ananitazama tu, atakufa kabla yangu. Acha nimpe kazi.'"

Nimelia usiku kucha, sina la kuficha.

Marehemu ameacha mume, binti yake muuguzi, mwanawe dereva, wajukuu watatu, na mimi.

Dada, kazi uliyonipa imekwisha. Sasa nimesimama hapa, nakutazama tu. Pumzika kwa amani.