Wendell Hutto, Mtunza Bustani Aliyekataa Kuzipumzisha Nyasi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mbili katika Idara ya Bustani ya mji wetu wa Colvard, Alabama, Bwana Wendell Hutto anarudisha funguo za banda la mashine na kwenda zake nyumbani. Idara imeniomba niandike machache ya kusomwa kwenye hafla hii, yawe mafupi na yasimuudhi mtu. Kwenye ufupi nitajitahidi.

Wendell alifika kwetu akiwa kijana mwembamba mwenye masharubu ambayo hayakumfaa na ambayo, tunashukuru, hayakudumu. Bustani kuu, hii ya nyuma ya mahakama, ilikuwa kiwanja cha vumbi chenye mzinga wa vita na choo kimoja. Leo watu wanatoka miji ya mbali kuja kupigia picha za harusi kwenye maua yake ya azalia. Mzinga bado upo. Aliupandishia mawaridi ya kutambaa, na wale wazee wa chama cha kumbukumbu za vita wakalalamika mwaka mzima kabla ya kuanza kujisifu kwamba wazo lilikuwa lao.

Muda si mrefu baada ya kuajiriwa alihamia nyumba ya Mtaa wa Magnolia pamoja na Garland Pettus, kinyozi mwenye duka karibu na benki. Hapo ndipo ukarimu wa Colvard ulipoonekana. Sisi si watu wa kuulizana maswali. Tuliona wanaume wawili, nyumba moja, mbwa mmoja na kitanda kimoja (waliobeba samani walikuwa na midomo), tukafikiri kidogo, tukaamua kwamba ni mabinamu. Hakuna aliyetuambia hivyo. Mji wenyewe, bila kuombwa, uliwapa undugu.

Tangu hapo mambo yalikwenda vizuri sana. Kila Krismasi idara ilimwalika Wendell na binamu yake. Garland alipopasuliwa moyo, mchungaji alisimama madhabahuni akaomba kanisa zima limkumbuke binamu wa Ndugu Wendell, na Wendell akiwa benchi la pili alilia kwa namna ambayo mimi sijawahi kumlilia binamu yangu yeyote. Tulimpelekea kuku wa kukaanga na pai ya pichi. Mahali pengine, tunasikia, mashoga hutukanwa barabarani. Sisi wa Colvard tuliwapenda, mradi wasiwe mashoga.

Basi miaka miwili iliyopita muuguzi mmoja anayeitwa Renee Faulk, mzaliwa wa hapahapa, aliliomba baraza la mji ruhusa ya kufanya mandari bustanini Jumamosi moja ya Juni, kwa ajili ya mashoga, wasagaji na jamaa zao. Aliomba meza, kivuli, na ruhusa ya kupiga muziki kwa sauti ya chini. Baraza letu halina ubaguzi na lilimjibu kwa upole mkubwa. Lilisema lingependa sana kumkubalia, ila kwa bahati mbaya mwezi wa Juni nyasi huwa zinapumzika.

Mwezi huohuo, juu ya nyasi hizohizo zilizolala, palifanyika maonyesho ya magari ya zamani, mashindano ya kuchoma nyama, na mkutano wa injili wa wiki nzima wenye hema kubwa kuliko mahakama. Renee, ambaye ana macho, alikata rufaa. Baraza likaona sasa linahitaji mtaalamu.

Diwani Doyle Ragland alikwenda kumwona Wendell bandani. Mimi nilikuwa mlangoni nimepeleka ratiba ya kumwagilia maji, na kwa kuwa hakuna aliyeniambia niondoke, sikuondoka.

“Wendell, ndugu yangu, Jumatatu tunakuomba uje barazani useme jambo moja tu. Nyasi zimechoka.”

“Zimechoka na nini?”

“Na watu.”

“Watu gani?”

Diwani akatazama viatu vyake. “Unajua bwana.”

“Sijui, Doyle. Niambie.”

“Sikiliza. Wewe ni mtu wetu. Hatujawahi kuwa na shida na wewe wala na binamu yako. Pensheni yako hiyo hapo inakuja, miaka miwili tu. Mbona tuharibiane?”

Wendell aliendelea kunoa kisu cha mashine ya kukatia nyasi. Alisema atafika Jumatatu, na diwani akatoka akiwa mwenye furaha, maana alikuwa hamjui vizuri mtu aliyefahamiana naye miaka thelathini.

Garland mwenyewe alinisimulia baadaye, akimnyoa mume wangu, jinsi walivyobishana Jumapili hiyo mezani. Yeye hakutaka Wendell aseme neno. Nusu ya baraza hukaa kwenye kiti chake cha kunyolea, Doyle akiwa wa kwanza kila Jumamosi.

“Nilimwambia, wee mzee, ukifungua mdomo wako kesho, mimi wiki ijayo nitanyoa nani? Mbwa?”

“Akasemaje?” mume wangu akauliza.

“Akasema mbwa naye nywele zimezidi. Halafu akaniambia, Garland, nilikaa nje ya chumba cha upasuaji kwa muda wa saa sita, kila daktari aliyepita ananiita binamu, na nikaitika. Sitaki kuitika tena.” Garland akatikisa kitambaa cha nywele. “Nikampigia pasi koti.”

Jumatatu jioni Wendell alisimama mbele ya baraza akiwa na koti hilo la Jumapili. Ukumbi ulijaa, kwa kuwa Colvard tunapenda mno mambo ya nyasi.

“Bwana Hutto,” diwani akaanza, “tueleze hali ya nyasi zetu.”

“Ni nzima, mheshimiwa. Wiki iliyopita zimebeba hema na malori mawili, na leo asubuhi nimezikata.”

“Lakini hazihitaji kupumzika?”

“Hapana. Usiku zinapumzika vya kutosha.”

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Diwani alimshukuru haraka na kumwambia akae. Wendell hakukaa. Aliiweka mikono yake mifukoni.

“Na jambo la pili,” akasema. “Garland Pettus si binamu yangu. Mama yangu na mama yake hawakuwahi kuonana. Ndiye mtu wangu, tangu mwaka wangu wa pili wa kazi hapa. Mandari hiyo ikifanyika tutakwenda wote wawili. Nilitaka mlisikie kwangu.”

Meya akatafuta miwani iliyokuwa usoni kwake. Kisha nyuma ya ukumbi ikasikika sauti ya Bi. Oveta Crenshaw, mwenye miaka themanini na kitu, ambaye huhudhuria kila kikao kwa ajili ya kiyoyozi.

“Sasa hilo nani alikuwa halijui? Pigeni kura jamani, nimeacha maharage jikoni.”

Wakapiga kura. Nyasi zilishinda kwa kura nne dhidi ya tatu, na Renee akapata ruhusa yake.

Mandari yenyewe iliwavunja moyo waliotarajia kuona maajabu. Watu walikula saladi ya viazi, wakanywa chai ya barafu yenye sukari ya kuua farasi, watoto wakamwagiana maji. Meya alikuja, akapiga picha tatu na kuondoka kabla ya chakula. Picha mojawapo sasa ipo kwenye kijitabu cha kuwavutia wawekezaji, chini ya maneno “Colvard, mji unaokumbatia wote.” Aliyeshika sahani pembeni ni Wendell. Jina lake halikuandikwa.

Kijitabu hakikupata nafasi ya kueleza mengine. Duka la Garland lilikaa tupu karibu mwezi mzima, hadi Doyle Ragland alipogundua kwamba hakuna kinyozi mwingine hapa anayejua kuuficha upara wake, akarudi akiwa amevaa kofia na kukaa kitini bila salamu. Wengine wakafuata. Kanisa lilikuwa na upendo zaidi. Wendell alikuwa amepamba madhabahu kwa maua ya mikono yake kwa zaidi ya miaka ishirini. Mchungaji alimfuata nyumbani kumwambia kwamba washirika wanampenda, wanamwombea, na wangeona vyema asionekane kwa muda. Hakuonekana. Siku hiyo, Garland anasema, alichimba bustani yao yote ya nyuma, hata pale palipokuwa hapahitaji kuchimbwa.

Mwaka huu, Pasaka ilipokaribia, mchungaji alipiga simu kuulizia mayungiyungi. Wendell alimjibu kwa heshima kwamba maua yapo tele, na kwamba yeye na Garland wangeyaleta wenyewe, kisha wakae benchi la pili mpaka mwisho wa ibada. Mchungaji alisema atalifikisha kwa mashemasi. Tulisali Pasaka na maua ya plastiki. Lakini Jumapili iliyofuata washirika kumi na kitu, Bi. Oveta akiwa mbele na fimbo yake, hawakuja ibadani. Walikuwa Mtaa wa Magnolia, kwenye uwanja wa nyuma, wakila mayai katikati ya mayungiyungi. Mimi nilipeleka mikate.

Renee alimuuliza Wendell hapo kama sasa, akishastaafu, watahamia mji mkubwa wenye watu wa kuwaelewa. Wendell alikuwa anamkatia Garland nyama. “Kwetu ni hapa,” akasema. “Asiyependa kuniona, naye ana gari.”

Wendell, idara inakushukuru kwa kila mti, na kwa kutuonyesha bila kelele mji wetu ulivyo na ambavyo ungeweza kuwa. Upate mvua kwa wakati wake, mgongo usiouma, na asubuhi ndefu za kunywa kahawa na mume wako. Nimeliandika neno hilo kwenye karatasi ya idara, nikalipeleka likapigwe chapa, na hakuna aliyelifuta.

Nadine Tolbert, Idara ya Bustani