Nishani ya Lutashobya

Nesi Selina alijifanya anasoma simu, lakini tangu kivuko cha Sengerema king'oe nanga, masikio yake yalikuwa benchi la mbele. Pale kijana Mayala alikuwa akimuuzia bibi mmoja wa Kihaya nishani ya vita vya Burma, aliyoipata kwa wauza vyuma chakavu Mkuyuni.

“Ya bandia hii,” bibi alisema. “Baba yangu alikwenda Burma, naye ni Rutashobya. Hapa nyuma wamechonga Lutashobya.”

“Bibi, karani wao alikuwa Msukuma mwenzangu, na sisi R kwetu ni L, akaandika alivyosikia. Tapeli angekopi jina sawasawa.”

Selina, Msukuma wa tatu katika kesi hii, aliona hoja ina mashiko.

Bibi hakutetereka. Akampa kijana kalamu na tiketi. “Haya, niandikie jina langu. Kokushubira.”

Mayala akaandika kwa mbwembwe: Kokushubila.

Bibi akavaa miwani, akailaza tiketi kando ya nishani, akaanza kulinganisha L ya kijana na L ya karani, kuona kama ni za mkono mmoja. Kivuko kikagusa ufukwe, abiria wakainuka, Mayala akanyoosha mkono arudishiwe mali yake.

Bibi akaifumbata. “Kaa chini,” alisema. “Sijamaliza kusoma.”