Nyasi Mlizokalia Leo

Waombolezaji wenzetu, familia imeniomba mimi Magdalena, binti wa kwanza wa marehemu, niwasomee maisha ya Mwalimu Nathanael Kagaruki, nami nitasoma kila kitu bila kuruka neno, kama baba alivyoagiza.

Mwalimu alizaliwa tarehe 3 Machi 1952 hapa Buganguzi, Muleba, akasoma hapa hapa, akahitimu ualimu mwaka 1973, akafundisha sayansi Kemondo na baadaye Bakoba hadi alipostaafu mwaka 2012. Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na mama yetu Joanitha, wakajaliwa watoto watatu.

Baada ya kustaafu alijitwisha kazi ambayo wengi wenu mliicheka, ya kuwahesabu nondo wadogo wa kijivu wa rweya, mbuga ya ukoo wetu, ambao viwavi wao hula aina moja tu ya nyasi, zile zile tunazotandika chini kwenye misiba, akajaza madaftari kumi na moja, mkamwita Mwalimu Viwavi, naye akaitika.

Tarehe 14 Agosti 2019, alipokuwa Bukoba kutibiwa macho, mdogo wake, baba yetu mdogo Isaac, aliichoma rweya yote ili apande miti ya paina, na alipoulizwa alijibu kwamba wangekuwa senene wa kuliwa angeelewa, lakini nondo hata kuku hamtaki. Mwalimu alirudi akakuta majivu, akalia mbele yetu bila aibu, akachukia, akaendelea kuchukia hadi mwisho, na asije mtu hapa akatuambia kwamba alisamehe.

Alichimbua mashina machache ya nyasi hizo yaliyosalia kando ya kijito, akayapanda nyuma ya nyumba hii, na mwaka 2022 nondo wakarudi. Tarehe 6 Mei 2024 alipata kiharusi, akafariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani mliolala nasi hapa siku zote hizi. Nyasi mlizokalia zimetoka shambani kwake, na baba mdogo Isaac naye amezikalia, kwa sababu marehemu alitaka azikalie leo. Ameacha wosia kwamba zikatwe kwa ajili ya msiba wowote wa Buganguzi, wa tajiri au wa maskini, isipokuwa mmoja, kwani siku ya Isaac ikifika, waombolezaji wake watandikiwe majani ya paina zake mwenyewe.

Baba, pumzika kwa amani, shamba ninalilinda mimi, Magdalena.